Mbwa Mmoja, Kazi Mbili

Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Ndivyo alivyo mbwa aliyefundishwa ovyo: akitumwa kumtafuta mtoto aliyepotea machungani, hufuata kanga, na mtoto hulala porini. Lakini mbwa mmoja aweza kuwinda na kutafuta watu pia, mradi kila kazi iwe na alama yake.

Kwanza, mfundishe utii: kuja aitwapo, kukaa, na kutulia bunduki iliapo. Uanze kupiga mbali naye, ukikaribia siku baada ya siku.

Pili, kwa mawindo mvalishe mkanda mtupu shingoni, na neno liwe "Lete." Akuletee ndege bila kumtafuna. Kwa kutafuta mtu, mvalishe mkanda wenye njuga, mnusishe nguo ya aliyepotea isiyoshikwa na wengine, useme "Tafuta." Usibadili maneno hayo, wala usifundishe kazi zote mbili siku moja.

Tatu, mtu ajifiche karibu, kisha mbali zaidi. Mbwa akimpata, abweke bila kumgusa, apewe nyama papo hapo. Akigeukia kanga, mwite umrudishe, wala usimpige. Mbwa apigwaye huiogopa kazi.

Mwisho, mazoezi yawe alfajiri au jioni, maana jua la mchana hufifisha harufu. Lakini mtoto akipotea usingoje saa. Mlete mbwa upesi, na watu wasikanyage mahali alipoonekana mara ya mwisho kabla mbwa hajafika.