Waliovunjika mbavu ili steringi ang'are

KAMA ulikulia kwenye vibanda umiza, hili unalijua. Mechi bado haijaanza, mwenye kibanda anaweka picha la Bruce Lee ili watu wasichoke kusubiri. Steringi anarusha teke, adui anapaa kama mpira uliobutuliwa na beki, anatoboa mlango na kutokea upande wa pili. Kibanda kizima kinalipuka. Kesho yake mtaani kila mtoto ni Bruce Lee. Sijawahi kuona mtoto anayegombania kuwa yule aliyetoboa mlango.

Basi yule wa mwisho kwenye Fist of Fury ya mwaka 1972, aliyevalishwa nguo za adui mkuu ili apigwe teke kwa niaba yake, alikuwa dogo ambaye hajafikisha hata miaka 18. Jina lake Jackie Chan. Pep Guardiola naye alianza kwa kuokota mipira uwanjani Barcelona, ila yeye angalau hakuna aliyempiga teke.

Mwaka uliofuata ikatoka Enter the Dragon. Ngumi na mateke ya Bruce Lee hayana ubishi, mwamba alikuwa mkali kweli. Lakini zile sarakasi za kujipindua hewani tulizompigia makofi hazikuwa zake. Zilikuwa za Yuen Wah, aliyevalishwa kama Bruce na kurekodiwa kwa namna ambayo sura yake isionekane. Bao kafunga huyu, aliyekimbilia jukwaani kushangilia ni mwingine.

Yuen Wah na Jackie walitoka kambi moja. Walilelewa Hong Kong kwenye shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao. Unaingia mtoto, unafundishwa kuimba, sarakasi na mapigano kutwa nzima, ukikosea fimbo inakuhusu. Walipokuwa wakubwa, opera ilikuwa imekosa watazamaji. Mwili uliokwisha kuzoea kuanguka ukaenda kutafuta riziki kwenye sinema.

Na kuanguka ni kazi ya ufundi. Teke la sinema mara nyingi halimfikii mtu sawasawa. Anayelifanya lionekane zito ni anayelipokea. Akiruka mapema, mnacheka. Akichelewa, linampata kweli. Chini kunapangwa magodoro na maboksi matupu, pale tu ambapo kamera haioni. Pakionekana, basi ni wewe na sakafu.

Nenda katazame Police Story ya 1985. Mwanzoni majambazi wanatoroka na basi la ghorofa, Jackie anasimama barabarani na bastola, basi linafunga breki mbele yake. Watu wawili wanachomoka kupitia vioo vya juu. Mpango ulikuwa waangukie juu ya gari lililokuwa mbele. Basi likasimama vibaya, gari wakalikosa, wakatua kwenye barabara yenyewe. Tukio likaachwa kwenye filamu hivyo hivyo. Yale maumivu unayoyaona si maigizo, jamaa waliumia.

Mwishoni mwa picha hiyo hiyo wanapigana ndani ya jengo la maduka. Vioo vya sinema hutengenezwa kwa namna ya sukari ili vivunjike kirahisi, lakini safari hii vilifanywa vinene kuliko kawaida, vikakata watu hadi kikosi chenyewe kikaibatiza filamu “Hadithi ya Vioo”. Jackie naye aliteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa za umeme, akaungua viganja. Mwaka mmoja baadaye, akirekodi Armour of God huko Yugoslavia, tawi la mti lilimwangusha, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kichwa.

Tofauti ni kwamba Jackie alipoumia dunia nzima ilijua. Wale wawili wa basi, nitajie majina yao. Kwenye soka hata beki wa pembeni wa timu inayoshuka daraja ana jina mgongoni, na akiumia goti tunajua atakaa nje wiki ngapi.

Wapo waliochomoza, tusiseme uongo. Yuen Wah alisubiri hadi Kung Fu Hustle ya 2004, akicheza yule mwenye nyumba mlevi, ndipo akabeba tuzo ya mwigizaji bora msaidizi Hong Kong. Marekani kuna Chad Stahelski, aliyeanguka kwa niaba ya Keanu Reeves kwenye The Matrix, kisha akaja kumwongoza Keanu huyo huyo kwenye John Wick.

Oscar nao wamezinduka. Tuzo hizo zimekuwepo tangu 1929, lakini ilibidi tusubiri hadi Aprili 2025 kutangaziwa kipengele cha ubunifu wa matukio ya hatari. Kitaanza na filamu za 2027, tuzo zitolewe 2028.

Filamu nyingi za Jackie hazimaliziki steringi anaposhinda. Majina yanapoanza kupita, pembeni wanaonyesha vipande vya waliokosea: huyu kajigonga, yule anabebwa na wenzake. Sisi kibandani hatukuwa tunafika huko. Adui akishalala tu, kelele zinaanza, “weka mpira wewe!”, na mwenye kibanda anachomoa kanda.