Pesa si реѕа

Msomaji mmoja anauliza: "Nikiisoma anwani ya tovuti herufi kwa herufi nikaikuta haina kosa, bado naweza kutapeliwa?"

Naam, unaweza. Aprili 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina ambalo Chrome na Firefox zililionyesha kuwa apple.com, bila nukta kuzidi wala kupungua. Kampuni ya Apple haikuhusika. Herufi zote tano za "apple" zilikuwa za Kisirili, alfabeti ya Warusi na Wabulgaria, na ya nne ilikuwa palochka, kijiti kinachotumika kuandikia baadhi ya lugha za Kaukazi.

Jinsi majina ya tovuti yalivyofunguliwa kwa maandishi ya dunia nzima naiacha. Ni habari ya vikao na kamati. Itoshe kwamba kompyuta haioni umbo la herufi, huona namba. a yetu ni 97, а ya Kirusi ni 1072. Tazama kichwa cha makala hii: "pesa" ya kwanza ni ya kwetu, ya pili nimeiandika kwa Kisirili, na s yake nimeazima kwa Wamasedonia. Mmasedonia ataisoma "redza".

Kinachonifurahisha ni dawa yake. Shirika la Unicode, linalozipa herufi namba, limetunga jedwali la maelfu ya herufi zinazofanana, na kila kundi la mapacha lina mwakilishi wake. Unachukua jina, unaweka wawakilishi mahali pa herufi zote, na kinachobaki waliotunga kanuni wamekiita kwa neno lao la mifupa ya maiti. Mimi nimechagua kiunzi, neno la mafundi wa vyombo. Asiyelipenda alete lake.

Mfikirie mwamuzi kabla ya mechi. Majina ya wachezaji hayamhusu. Anachotaka ni timu mbili zisichanganyike machoni mwa aliyekaa mbali. Simba wakija na nyekundu, wageni wakaleta damu ya mzee, hatasikiliza hoja kwamba dukani rangi hizo zina majina mawili. Kwenye daftari lake zote ni "nyekundu". Buluu iliyokoza na nyeusi? Chini ya taa za usiku zote ni "giza", basi. Maneno yakilingana daftarini, mmoja akabadilishe, na kwa kawaida atakuwa mgeni, maana mwenyeji amekwisha kujulikana. Wala hakuna anayelazimishwa kuvaa hilo "giza": ni neno la daftarini tu, likishalinganisha kazi yake imekwisha. Na akitokea mchezaji mwenye jezi nusu Simba nusu Yanga, daftari halifunguliwi hata kidogo. Huyo ni sawa na jina lililochanganya Kilatini na Kisirili ndani ya neno moja, ambalo vivinjari hulitilia shaka papo hapo.

Basi "pesa" na "реѕа" hutoa kiunzi kilekile, p-e-s-a, na janja imeumbuka. Ila kanuni haibagui. Inazigusa hata herufi zetu za kila siku. Sifuri inageuka O, moja inageuka l, na m inavunjwa kuwa r na n, kwa kuwa rn zikibanana jicho huziona m. Kiunzi cha "mama" ni "rnarna". Sijachoka kulicheka neno hilo.

Chrome hulinganisha kiunzi cha jina unalofungua na viunzi vya tovuti maarufu. Tangu toleo la 58, lililofuata kisa cha Zheng, inakataa pia kulipamba jina la .com lililoundwa kwa pacha tupu za Kisirili, na badala yake inakuonyesha msimbo wake: xn--80ak6aa92e.com. Watu wa Mozilla, wenye Firefox, walishikilia kwamba hiyo ni kazi ya wanaosajili majina. Mimi niko na Chrome. Neno la Kirusi la sukari, сахар, ni pacha tupu, kwa hiyo muuza sukari anayelitaka chini ya .com ataonekana kwa msimbo. Pole yake. Wabulgaria nao walinyimwa .бг mwaka 2010 kwa kufanana na .br ya Brazili, wakaipata 2016.

Jedwali halijui kila mwandiko wa kila simu, na matapeli wengi hata hawahangaiki na Kisirili.

Kwa msomaji wetu: macho yako hayatakusaidia hapa. Andika mwenyewe anwani ya benki, au tumia programu ya kutunza maneno ya siri. Hiyo haitazami umbo. Ulijisajili kwenye tovuti inayoanza na 112, ambayo ni p yetu. Ukifika kwenye inayoanza na 1088, haijazi kitu.