Kukata Shauri baina ya Mgonjwa na Daktari: Msamiati wa Pumu Jijini Nairobi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno yatumikayo baina ya daktari na mgonjwa wa pumu jijini Nairobi, na kupendekeza istilahi moja ifaayo. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa tiba. Na, inapowezekana, amweleze kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo msamiati umekuwa suala la haki.

Mgonjwa atokaye Kawangware au Kangemi hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aghalabu huwa na Kiswahili, pengine pamoja na Kikikuyu au Kiluhya. Daktari naye amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho huwakutanisha, lakini kukutana katika lugha moja hakuna maana ya kuelewana.

Tuchukue kwanza kitenzi kinachoandamana na jina la ugonjwa. Msemaji husema "nimeshikwa na pumu", na shida ikipita husema "imeniacha". Katika sarufi hii pumu ndiyo mtendaji, nayo huja na kuondoka. Elimu ya tiba yasema vingine: njia za hewa huweza kubaki na uvimbe hata siku ambazo mtu anapumua vizuri. Ndiyo sababu kuna dawa ya kutuliza, ambayo hulegeza misuli ya njia hizo upesi, na dawa ya kuzuia, ambayo hupunguza uvimbe polepole na aghalabu hutumiwa hata pasipo dalili. Aliyekwisha kusema "imeniacha" ana sababu ya kilugha ya kuiweka kando hii ya pili. Hatari yake si ndogo. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kutuliza ya muda mfupi peke yake, kwani desturi hiyo huongeza hatari ya mashambulio makali na hata kifo.

Pili, tutazame vitenzi vya chumba cha daktari: mgonjwa huandikiwa, hupewa, huambiwa. Vyote humweka katika nafasi ya kupokea tu. Anayetaka kurekebisha hali hii huenda akachagua "uamuzi wa pamoja". Lakini kuamua, katika matumizi yake ya zamani, ni kukata kesi baina ya wagombanao, na mwamuzi hukaa juu ya pande zote mbili. Kushauriana, kwa upande mwingine, kuna kiambishi -an- cha kutendana: hakuna ashaurianaye peke yake. Na Kiswahili kina usemi wa kuhitimisha mashauriano hayo, nao ni kukata shauri. Twapendekeza basi "kukata shauri pamoja".

Kutendana huku si adabu tu. Daktari ajua mapafu na dawa. Mgonjwa ajua moshi wa jiko la makaa chumbani mwake, vumbi la kazini, na kiasi cha fedha kinachobaki baada ya nauli. Dawa iliyochaguliwa bila habari hizi huenda isinunuliwe kamwe. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watu wazima 612 ambao pumu yao haikuwa imedhibitiwa vyema ulionyesha kwamba walioshauriana na wahudumu juu ya tiba walidumu zaidi na dawa zao za kuzuia kuliko wale ambao tiba yao iliamuliwa na mhudumu.

Huenda msomaji akapinga kwamba neno shauri lina kasoro, kwani mitaani Nairobi "shauri yako" ni onyo la kumtupia mtu mzigo wake. Pingamizi hili lina uzito, lakini latusaidia. Daktari asemaye "tumia hii" bila maelezo ametoa amri. Na yule aorodheshaye dawa kisha akanyamaza amesema "shauri yako", ajapokuwa hakulitamka. Linalotakiwa na sheria, na pia na afya ya mgonjwa, ni shauri letu.