Anayeuliza Habari za Msiba (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi takwimu za vifo zinavyopatikana pale ambapo watu wengi hufia nyumbani, pasipo daktari wa kuandika chanzo. Matanga yakishapita, mdodosaji huenda kwa wafiwa na kuuliza: homa ilianza lini, alikohoa siku ngapi, mtoto alipozaliwa alilia? Majibu hupelekwa kwa madaktari, au siku hizi kwenye programu ya kompyuta, ili sababu ya kifo ikadiriwe. Tanzania ina uzoefu wa kazi hii. Mradi wa AMMP, wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulianza mwaka 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Ifakara na Rufiji zikafuata miaka ya tisini hiyo hiyo. Leo namtazama huyo anayeuliza.

Mara nyingi ni mwenyeji wa hapo hapo, na ndiyo sababu kaajiriwa: anajua njia, anajua lugha, anaaminika. Basi marehemu anayemuulizia huenda ndiye mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu. Na msiba kwetu hauna mtazamaji. Aingiaye nyumba ya wafiwa huketi, hutoa pole, hunyamaza nao. Mdodosaji huketi na kutoa pole, lakini kunyamaza hawezi. Kishikwambi kiko mapajani na swali linalofuata linangoja. Mfiwa akilia, amefundishwa kusitisha, hata kuahirisha siku. Hayo aliyoyasikia ayapeleke wapi jioni akifika kwake, akimkuta mwanawe ana homa? Hilo halimo kwenye mafunzo.

Mzigo huu wa mdodosaji, Shirika la Afya Duniani liliuona mapema katika utafiti wake wa ukatili dhidi ya wanawake, ambao kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Miongozo yake ya mwaka 2001 ilitaka wadodosaji wachaguliwe kwa uangalifu, wapewe mafunzo maalumu na wasaidiwe muda wote wa kazi. Ilikuwa busara, maana miongoni mwa wanawake wanaouliza wamo waliopigwa wao wenyewe.

Lakini fungueni bajeti ya utafiti wa kawaida. Mafuta ya pikipiki hayasahauliki kamwe; mshauri nasaha wa wadodosaji ndiye hukatwa kwanza. Nami sioni kwamba tiba yote ni mshauri. Kuna mambo yasiyo na gharama kubwa: nyumba za msiba zichanganywe na ziara za kawaida za kuhesabu kaya, zisirundikwe siku moja, mdodosaji aruhusiwe kusema "ile nyumba siiwezi, marehemu ni wetu" bila kupoteza posho. Malipo kwa kila dodoso, ambayo wasimamizi huyapenda kwa urahisi wake, humlazimisha mtu kupita juu ya machozi ili atimize idadi. Na msimamizi anayempima kazi asiwe ndiye pekee wa kumweleza kwamba halali usiku. Nani atamwambia bosi wake hivyo, mkataba ukiisha Desemba?

Yupo mwingine ambaye hata kijijini haendi. Pale mazungumzo yanaporekodiwa, kuna kijana ofisini, vifaa masikioni, akiyaandika neno kwa neno. Mdodosaji alimsikia mama akilia mara moja. Huyu, sauti isiposikika vizuri, hurudisha nyuma, akamsikia tena, na tena, mpaka aipate sentensi. Yeye nitamrudia juma lijalo.