Gari Likichemka Njiani, Usikimbilie Kifuniko cha Rejeta

Dereva anayeondoka Nairobi alfajiri huvuka daraja la Mto Tana jua likiwa limeshapanda. Ameteremka kutoka mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 hadi mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la hewa limekuwa likipanda kila kilomita. Gari ambalo halikuwahi kumsumbua jijini sasa linapandisha geji, hasa likiwa limejaza abiria na mizigo na bado lina safari ya Dadaab au Modogashe.

Sababu yake si ngumu. Rejeta hupoza maji ya injini kwa kuyapitisha karibu na hewa, na kinachofanya kazi hapo ni tofauti ya joto kati ya maji na hewa hiyo. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa nyuzi 22, tofauti ni nyuzi 68. Hewa ikifika nyuzi 38, joto la kawaida la mchana wa Februari na Machi mjini Garissa, tofauti inabaki nyuzi 52. Rejeta ileile imepoteza karibu robo ya nguvu zake kabla ya kuhesabu vumbi lililoziba matundu yake, kiyoyozi kilichowashwa, au mchanga wa laga unaomlazimu dereva kwenda gia ya chini huku injini ikinguruma na upepo ukiwa haupiti.

Kosa linaloumiza watu hutokea dakika chache baada ya gari kusimama. Moshi mweupe unatoka kwenye boneti, dereva ana haraka, abiria wananung'unika, na mtu anashika kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho si kizibo tu. Kina springi inayoyabana maji ili yasichemke yakifika nyuzi 100. Yakiwa yamebanwa huweza kufika karibu nyuzi 120 yakiwa bado maji. Kikifunguliwa, kani hiyo hutoweka mara moja, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na yaliyosalia hurushwa usoni na kifuani kwa aliyeinama. Kitambaa mkononi hakimwokoi.

Inayotakiwa ni subira. Geji ikianza kupanda, dereva azime kiyoyozi na kuwasha hita ya gari kwa nguvu zote. Abiria watalalamika, lakini hita huondoa joto kwenye injini na mara nyingine hilo latosha kufika kivulini. Geji ikigusa alama nyekundu au mvuke ukitoka, asimame kando ya barabara na kuzima injini. Boneti ifunguliwe mvuke ukishatulia, mikono ikae mbali na feni, kwa kuwa feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kisha asubiri angalau nusu saa, na katika jua la mchana saa nzima ni salama zaidi. Mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiwa bado mgumu ukibonyezwa kwa kitambaa, kani bado imo ndani. Ukiwa umelegea, kifuniko kizungushwe kidogo, kiachwe kitoe pumzi, ndipo kiondolewe.

Maji ya kuongeza nayo yana hila. Maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye injini yenye moto huweza kupasua silinda hedi, na ukarabati wake ni ghali kuliko safari kadhaa. Injini ikishapoa, iwashwe na maji yaongezwe kidogo kidogo. Kumwagia injini maji kwa nje, jambo linaloonekana sana barabarani, kuna hatari hiyohiyo.

Halafu kuna swali la maji yenyewe yanatoka wapi. Maji ya visima vingi vya kaskazini mashariki yana chumvi. Huacha magamba ndani ya rejeta kama yale yanayoonekana ndani ya birika la chai, na kila safari njia huzidi kuwa nyembamba. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu na hukawia kuchemka kuliko maji matupu. Maji ya kisima yawe ya dharura tu, na rejeta ioshwe baadaye. Tundu dogo la rejeta laweza kuzibwa kwa nje kwa kipande cha sabuni ya kufulia hadi gari lifike mjini. Bizari inayomiminwa ndani huziba tundu, kweli, na huziba rejeta pia.

Wengine huamua kung'oa themostati, wakisema Garissa hakuna baridi. Lakini kifaa hicho hakikuwekwa kwa ajili ya nchi za barafu pekee. Injini iliyolala usiku kucha hapa huamka ikiwa na nyuzi 25 hivi, nayo hufanya kazi vizuri ikikaribia 90. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Bila hiyo injini hukawia kupata moto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, kwa hiyo gari huzidi kuchemka. Themostati mbovu ibadilishwe. Asubuhi, dakika moja ya kuwasha yatosha, kisha gari liendeshwe polepole kilomita za kwanza.

Jerikeni za gari nazo ziwe mbili, zenye alama tofauti: moja ya injini, nyingine ya watu. Gari lililokwama mchana kati ya miji huweza kukaa saa nyingi bila msaada, na mtoto au mzee huishiwa nguvu kwa kiu kabla ya dereva kugundua. Ya watu isimiminwe kwenye rejeta hata kama injini inadai.

Aliyeunguzwa na mvuke amwagiwe maji safi yasiyo na barafu kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla ya kuvimba, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Kuungua usoni au machoni kufikishwe hospitali siku hiyohiyo.