Bunilizi ya kisayansi na historia ya Asia: kubuni si kuzua

Bunilizi ya kisayansi ni utanzu wa fasihi ambamo mtunzi hujenga kisa juu ya jambo la kisayansi au la kiteknolojia lisilokuwapo, kisha akafuata matokeo yake kwa mantiki. Istilahi hii inafaa kuliko "hadithi ya kisayansi", kwa kuwa hadithi ya kisayansi yaweza pia kuwa maelezo ya kweli, kwa mfano ya jinsi chanjo ilivyogunduliwa.

Wengi huuhusisha utanzu huu na wakati ujao. Hata hivyo, wapo watunzi wanaolipandikiza jambo la kubuni katika wakati uliopita. Mmoja wao ni Ken Liu, aliyezaliwa Lanzhou, China, mwaka 1976 na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Katika hadithi zake kadhaa, zilizoandikwa kwa Kiingereza, yaliyobuniwa na yaliyotukia hukaa pamoja, na anayezieleza kwa Kiswahili hana budi kuyapambanua.

Tunga, buni, zua

Vitenzi hivi hukaribiana, lakini havibadilishani nafasi.

Tunga ni kupanga maneno yawe kazi ya sanaa: "Alitunga hadithi fupi." Hakisemi kama yaliyomo ni kweli au la.

Buni ni kuleta kwa fikra jambo ambalo halikuwapo: "Mtunzi amebuni mashine ya kuona yaliyopita."

Zua ni kutoa jambo lisilo na msingi ili watu waliamini: "Amezua kisa hicho ili amchafulie jirani yake jina."

Mifano miwili

Katika "Good Hunting" (2012), Liang, mwana wa mwinda pepo, anafanya urafiki na Yan, ambaye ni huli jing, yaani mbweha ajigeuzaye mwanamke katika masimulizi ya Kichina. Reli na mitambo ya mvuke inapoenea, nguvu za kale zinafifia. Huko Hong Kong, Liang anajifunza ufundi wa mitambo na hatimaye anamwezesha Yan kuwa mbweha tena, safari hii wa chuma. Mwili huo umebuniwa. Hong Kong kuwa chini ya Waingereza, waliokabidhiwa kisiwa hicho kwa mkataba wa 1842, ni historia. Mfasiri asikimbilie kumwita Yan "jini". Kwa msomaji wa Kiswahili, jini ana ukoo wake katika imani za Kiislamu na za mwambao, na huli jing si wa ukoo huo. Ni afadhali jina la Kichina libaki, na maelezo mafupi yafuate.

Hadithi ya pili, "The Man Who Ended History" (2011), ni ndefu zaidi na nzito zaidi. Ndani yake kuna njia ya kumwezesha mtu kushuhudia tukio lililopita, ila kila tukio huonekana mara moja tu, kisha alama zake zinafutika. Wanaopelekwa ni jamaa za watu waliouawa na Kikosi 731 cha jeshi la Japani huko Pingfang, karibu na Harbin. Njia hiyo imebuniwa. Kikosi hakikubuniwa: kiliongozwa na Shiro Ishii, kilifanyia majaribio ya magonjwa watu walio hai, na mwaka 2002 mahakama moja ya Tokyo ilikubali kwamba kilitumia silaha za viini nchini China, ingawa ilikataa madai ya fidia.

Upatanisho wa neno "magogo"

Wafungwa wa Pingfang waliitwa maruta, neno la Kijapani lenye maana ya magogo. Hapa sarufi ya Kiswahili inamlazimisha mfasiri kuchagua. Nomino inayotaja mtu hufuata upatanisho wa a-/wa- hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine: husemwa "madaktari wamefika", si "madaktari yamefika". Basi "magogo mawili yameletwa" na "magogo wawili wameletwa" si kauli moja. Ya kwanza inamfaa msemaji akiwa mwanajeshi wa kikosi hicho, kwa sababu ukatili wake umo katika kiambishi hicho hasa. Kuandika "wameletwa" ni kumpa utu ambao hakuuonyesha. Lakini anaposimulia jamaa wa aliyeuawa, kiambishi kiwarudishe marehemu katika ngeli yao: "Watu wawili waliletwa."

Kadhalika, "hadithi ya Kikosi 731" ni kauli ya kuepukwa, kwa kuwa neno hadithi hubeba ya kweli na ya kubuni bila kuyatenga. Tuseme "historia ya Kikosi 731" tukitaja yaliyotukia, na "hadithi ya Ken Liu kuhusu Kikosi 731" tukitaja kazi yake. Mwanafunzi akiuliza kama hadithi hiyo ni ya kweli, mwalimu atamjibu: mashine imebuniwa, mauaji hayakuzuliwa.