Karatasi zimebanduka, lakini ukuta bado

Mama yangu aliondoka Nyanza-Lac mwaka 1972, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hajarudi tangu siku hiyo. Baba alifia Katumba, naye Mama akabaki huko huko, akachukua uraia wa Tanzania na kusema mambo ya Burundi amewaachia vijana. Mwezi uliopita alipiga simu: anakuja kuiona nyumba. Ndiyo maana, msomaji, likizo yangu yote nimeimaliza juu ya meza ya jikoni, ndoo ya maji mkononi.

Nyumba aliijenga Baba kabla ya machafuko yale. Ni matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na ndani ni lipu ya udongo na mchanga. Mimi nilizaliwa na kusomea Katumba, hivyo niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2009 tuliporejea. Ndani tulimkuta mzee mmoja, sangwa, na familia yake. Wenzangu mliorudi mnayajua yaliyofuata: vikao, mashahidi, kupima shamba kwa hatua. Mwishowe tuligawana, naye akajenga upande wake, nyumba nikabaki nayo mimi. Tulikuwa tunasalimiana. Zaidi ya salamu, hakuna.

Sebuleni aliacha kuta zimebandikwa karatasi kutoka chini hadi juu: kalenda za miaka iliyopita, kurasa za Ndongozi, mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Desturi hiyo tunaijua, kwani karatasi huzuia vumbi la udongo lisituangukie. Mwaka jana nilizibandua kwa siku moja, nikafagia ukuta, nikapaka rangi ya maji iliyotoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina. Makopo mawili ya lita 4. Hazikupita wiki tatu, rangi ikaanza kujikunja na kudondoka kama magamba ya kuhe. Nilimlaumu mama mfanyabiashara aliyenivushia mzigo ule, nikasema kaniletea rangi bandia. Nachukua nafasi hii kumwomba radhi. Rangi haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa gundi. Karatasi hizo hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Karatasi ikitoka, uji unabaki ukutani, umekauka na hauonekani. Rangi ya maji inapoupata, unalainika. Ukikauka tena unajivuta na kuondoka na rangi yako. Kila mwaka nawafundisha watoto kwamba ayodini ikigusa wanga hugeuka bluu iliyokaribia weusi, na halikunijia wazo la kuijaribu nyumbani kwangu! Safari hii nilichukua ayodini ile ya kupaka vidonda, nikaizimua kwa maji na kudondosha tone moja moja sehemu mbalimbali za ukuta. Karibu kila tone likawa bluu.

Nilikaa siku mbili nikijishauri, halafu nikavuka mpaka wa shamba kwenda kwa mzee. Nani mwingine angeujua ukuta ule? Alikuja na fimbo yake, akaugonga hapa na pale, akasikiliza.

"Mwalimu, huo si uji wa siku moja," aliniambia. "Mama watoto alikuwa akibandika mpya juu ya zile za zamani. Na hapa chini ya dirisha niliweka karatasi za saruji kuficha unyevu. Mvua inaruka kutoka nje."

Basi kazi ikaanzia nje. Nilichimba mfereji kuyaondoa maji ya paa, kwani ukuta unaokunywa maji chini hakuna rangi itakayoukubali. Ndani, nilitumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Unalowesha kipande cha mita moja kwa sponji, si kwa kumwaga, maana lipu ya udongo ikilowa sana inashuka yote. Unasubiri kama robo saa, halafu unakwarua taratibu, kibati kikiwa kimelala. Kisha unasuuza kwa maji safi, na ndoo ikianza kuwa na utelezi unabadilisha maji. Mimi nilisuuza mara tatu, nikapima tena kwa ayodini, nikarudia pembe mbili zilizokuwa bado. Palipokuwa na ukungu mweusi nilipaka jiki iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi. Jiki usiichanganye kamwe na siki, hutoa hewa ya sumu.

Nyufa nilitaka kuziziba kwa saruji. Mzee alinikataza, na alikuwa na haki. Saruji ni ngumu kuliko udongo, haishikamani nao, na baada ya muda hubanduka na kipande cha ukuta. Nilizipanua kwa kisu, nikatoa vumbi, nikanyunyiza maji, nikaziba kwa udongo uliochekechwa na mchanga laini. Ukuta nikauacha siku tisa ukauke. Ni subira hiyo iliyonishinda mwaka jana.

Kabla ya nyufa lakini, kuna jambo lilitokea. Nyuma ya mlango, karatasi ya mwisho ilipotoka, ilionekana chokaa ya zamani iliyotiwa buluu ya kufulia, rangi ya samawati hafifu. Nilimuuliza mzee kama ni mkewe aliyeipaka.

"Hapana," alisema. "Hiyo niliikuta."

Katika vikao vyote vile hakuwahi kulitamka neno hilo. Siku zote alisema alipewa kiwanja kitupu. Nilimtazama, naye akautazama ukuta, akaomba maji ya kunywa. Sikumwongezea swali.

Chokaa iliyokuwa ikitoa unga nimeiondoa kwa brashi kavu, nikapiga msasa juu juu, kitambaa puani. Mkono wa kwanza wa rangi nimeuzimua kwa maji ili uingie ukutani. Rangi ya mafuta nimeikataa ingawa mke wangu anaipenda kwa kung'aa. Inafungia unyevu ndani na kufanya malengelenge. Nyuma ya mlango nimeacha kipande cha samawati bila kukigusa, Mama atanieleza mwenyewe.

Kesho ni mkono wa pili. Mama anavuka Mugina Jumamosi, na mzee ameniuliza atafika saa ngapi.